Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wazazi wengine wakimwona mtoto ameinamia kitabu cha picha humwambia: «Acha mchezo huo, shika kitabu cha kweli!» Hatuwalaumu. Vitabu vya picha visivyo na maana ni vingi, navyo hula saa za mtoto kama nzige walavyo shamba. Lakini mkulima mwenye akili hachomi shamba zima kwa sababu ya magugu. Viko vitabu vya picha vilivyotungwa kwa ustadi mkubwa, hata mwalimu wa lugha aweza kuvitumia kufundisha namna ya kusimulia, na namna ya kuwapa watu wa hadithi maneno yanayowafaa. Leo tunataka kuwaonyesha kimoja cha jinsi hiyo. Kinaitwa El Eternauta, yaani msafiri wa milele, nacho kilitungwa katika mji wa Buenos Aires, nchi ya Argentina.

Mtungaji wa maneno ni Héctor Germán Oesterheld, aliyezaliwa mwaka 1919, mtu aliyesomea elimu ya mawe na ardhi kabla ya kushika kalamu. Mchoraji ni Francisco Solano López. Hadithi yao ilianza kutoka tarehe 4 Septemba 1957 katika gazeti la kila juma lililoitwa Hora Cero Semanal, ikaendelea kurasa chache chache mpaka mwaka 1959. Basi watu wa Argentina waliisoma kama vile ninyi msomavyo ukurasa huu: kidogo leo, kidogo juma lijalo, na katikati yake kungoja.

Ni hadithi ya namna ile inayoonyesha dunia imeharibika na watu wametiwa utumwani. Hadithi za namna hii zina hatari yake. Mtungaji mvivu hutegemea moto, mizinga na wanyama wa kutisha, naye msomaji hushtuka mara tatu, kisha husinzia. Oesterheld ana wanyama wa kutisha pia, tena wakubwa. Lakini nguvu ya kitabu chake ameiweka mahali pengine, yaani katika mazungumzo. Na hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo: katika kitabu hiki, ukitaka kumjua aliye huru na aliye mtumwa, usitazame silaha; sikiliza ni nani awezaye kunena na kujibiwa.

KITI KILICHOLIA USIKU

Hadithi haianzi kwa vita. Yaanza usiku wa manane wa baridi. Mtu mmoja, ambaye kazi yake ni kutunga hadithi za picha, ameketi mezani peke yake nyumbani kwake. Mbele yake kuna kiti, kile ambacho wageni huketi wakija kuzungumza naye. Kiti kinalia, kana kwamba mtu amekikalia. Kisha, polepole, mtu anaonekana juu yake, naye ana macho ya mtu aliyeona mambo mengi mno.

Mgeni huyu hatoi vitisho. Anauliza kama yupo duniani, kisha anaomba kupumzika. Baadaye anasema kwamba ana majina mengi, na kwamba jina la Eternauta alipewa na mwenye hekima mmoja wa nyakati zijazo. Ndipo anapoanza kusimulia. Kitabu chote kinachofuata, mamia ya kurasa, ni maneno ya mtu huyo kwa mwenye nyumba.

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama yuko mtungaji aliyeijenga hadithi yake juu ya maana hiyo kwa uthabiti zaidi, ingawa mithali yenyewe hakuijua. Mwenyeji anatoa kiti na masikio. Mgeni anatoa habari ambayo inaweza kumponya mwenyeji na mji wake wote. Na tazameni faida ya mpango huo. Kwa kuwa tunamwona msikilizaji tangu mwanzo, sisi wasomaji tunajua mahali petu. Tumeketi pamoja naye. Mambo tunayoambiwa hayakutupwa hewani. Yamesemwa na mtu mmoja kwa mtu mwingine, uso kwa uso, kwa sababu fulani. Sababu yenyewe mtungaji anaificha mpaka kurasa za mwisho.

Wale wanafunzi wanaoandika insha zao wakianza na «Hapo zamani za kale» pasipo kujiuliza ni nani anayesimulia na ni nani anayesikiliza, wangejifunza hapa jambo kubwa. Hadithi isiyo na msikilizaji ni barua isiyo na anwani.

WATU WANNE NA KARATA

Mgeni jina lake la kuzaliwa ni Juan Salvo. Ana mke, Elena, na binti mdogo, Martita, na kiwanda kidogo. Usiku ule wa msiba, nao ni wa mwaka 1963, yaani miaka michache mbele ya msomaji wa kwanza, yeye na rafiki watatu wanacheza karata katika chumba cha juu, chini ya paa la nyumba. Favalli ni mwalimu wa elimu ya fizikia. Lucas ni karani wa benki. Polsky ni mzee aliyekwisha kustaafu, apendaye kutengeneza vinanda vya nyuzi.

Mchezo wao huitwa truco, na wenyeji wa Argentina wanaujua sana. Katika truco karata peke yake haitoshi. Mchezaji hutamka neno la kumjaribu mwenzake, naye mwenzake lazima ajibu: anakubali, anakataa, au anaongeza. Mwenye karata mbaya hujifanya anazo nzuri, na mwenye karata nzuri hulia kama maskini. Basi mchezo wenyewe ni mazungumzo. Mtungaji hakuuchagua bure. Kabla hatujamwona adui hata mmoja, tumekwisha kuonyeshwa jinsi watu huru walivyo: wameketi pamoja, mmoja anasema, mwingine anamjibu, na kati yao kuna kicheko.

Redio inawakatiza kwa habari za vumbi lenye sumu kutoka bahari ya Pasifiki. Halafu mwanga unazimika, mji unanyamaza, na nje inaanza kunyesha theluji ing'aayo gizani. Kila inayemgusa anakufa papo hapo. Wale wa nyumbani wamesalimika kwa sababu ya baridi tu, kwani madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Sasa sikilizeni jinsi wanavyonena, maana hapa ndipo ustadi wa mtungaji unapoonekana. Funikeni picha kwa mkono, someni maneno peke yake, nanyi mtajua ni nani anayesema. Favalli hupima, huhesabu, huwaza kesho na kesho kutwa. Sentensi zake zinakwenda kama somo la darasani, na mara nyingine ni ngumu kama jiwe, kwa kuwa yeye wa kwanza ameona kwamba watu walio hai watageukiana. Juan husema kama baba wa nyumba: anauliza kwanza habari za mke na mtoto. Polsky hapimi wala hahesabu. Anawakumbuka watu wake walio nyumbani, anataka kwenda, wenzake wanamsihi, naye anakimbia nje. Hatua chache tu, na theluji imemmaliza.

Angalieni kwamba mtungaji hakutuambia: «Polsky aliwapenda sana jamaa zake.» Amempa maneno ya mtu asiyeweza kungoja, akamwacha aende. Mpende au umlaumu, lakini umemjua.

Baadaye kundi linaongezeka. Anakuja Franco, kijana fundi wa kuchonga vyuma. Anakuja Mosca, mwenye kuandika historia, ambaye hata katikati ya vita anauliza maswali na kuandika kila kitu, ili wajukuu wapate kusoma. Mara nyingi neno la kuwaokoa halitoki kwa afisa wala kwa mwalimu wa fizikia. Latoka kwa Franco. Miaka mingi baadaye, hadithi hii ilipochapwa kuwa kitabu, Oesterheld mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba shujaa wa kweli ni kundi la watu, si mtu mmoja peke yake. Sisi tungesema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini fikra hiyo hakuihubiri ndani ya hadithi. Aliigawa katika vinywa: kila mmoja ana neno lake, na hakuna mwenye maneno yote.

SAUTI MBILI KATIKA PICHA MOJA

Tuseme kidogo juu ya kazi ya picha, kwa faida ya wale wasiozoea vitabu hivi. Ukurasa umegawanyika katika visanduku. Ndani ya kisanduku mna aina mbili za maneno. Aina ya kwanza yamo katika kijifuko cheupe chenye mkia unaoelekea kinywani mwa mtu. Hayo ndiyo maneno anayosema saa ile. Aina ya pili yameandikwa pembeni, bila mkia. Hayo ni maneno ya msimulizi.

Katika El Eternauta aina hizo mbili ni za nyakati mbili. Kijifukoni yumo Juan wa usiku wa theluji, asiyejua litakalompata. Pembeni yumo Juan aliyeketi kitini mbele ya mwenyeji wake, ambaye amekwisha kupotewa na kila kitu. Mtu ni yule yule, kisanduku ni kile kile, lakini mmoja anatumaini na mwingine anakumbuka. Kwa hiyo neno dogo tu la mke wake kijifukoni, la kumtakia heri au la kumwonya ajiangalie, latuumiza kuliko kilio, kwa sababu sauti ya pembeni inatukumbusha kwamba mtu anayelisimulia amelibeba moyoni kwa miaka isiyohesabika. Huu ni ujuzi ambao kitabu cha maneno matupu kingehitaji kurasa mbili kuupata. Hapa umepatikana kwa kijifuko na mstari mmoja.

Ustadi wa pili unatokana na mavazi. Ili waweze kutoka nje, watu wa nyumba ile wanatengeneza vazi lisilopitisha theluji, lenye kifuniko cha uso kama cha mzamiaji wa baharini. Tangu hapo watu wengi wa hadithi hawana tena uso. Wana kioo na macho nyuma yake. Mchoraji Solano López ameyachora macho hayo kwa bidii ya ajabu. Hata hivyo, kwenye theluji, wote wanafanana na wote wako kimya kama maiti waliolala njiani. Kinachotuonyesha kwamba chini ya kitambaa kile kuna mtu mzima ni kile kijifuko cheupe. Mtu anasema, basi yu hai. Juan anapotoka mara ya kwanza, anapita kati ya majirani waliokufa na magari yaliyosimama, wala hakuna wa kumjibu. Ukurasa umejaa maneno ya pembeni, na vinywa havina neno. Mtoto yeyote atakayetazama vizuri ataelewa upweke ni nini.

Tena, njia anazopita si za nchi ya kuwaza. Ni njia za Buenos Aires: barabara ya General Paz, kiwanja cha mpira cha River Plate, Plaza Italia, uwanja wa Bunge. Msomaji wa mwaka 1957 alisoma habari za vita mahali alipopita asubuhi akienda kazini. Hadithi za namna hii zilizoea kuuangusha mwisho wa dunia juu ya miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Oesterheld aliuleta mlangoni pake, akawapa wapiganaji lugha ya majirani zake.

ADUI WENYE KINYWA NA ADUI ASIYE NACHO

Sasa tufike kwenye kiini. Adui wa hadithi hii wamepangwa kama ngazi. Chini kabisa wako wadudu wakubwa wenye magamba, na wanyama wazito wabomoao nyumba. Hao hawasemi, wanaendeshwa. Pamoja nao wako binadamu waliokamatwa na kutiwa chombo shingoni. Wana sura zao za zamani, lakini hawana tena neno lao wenyewe. Juu yao wako viumbe waitwao Manos, yaani Mikono, kwa sababu vidole vyao ni vingi na kwa vidole hivyo huwaendesha wengine kwa vibonyezo vya mashine. Na juu ya wote wako wale wanaoitwa Ellos, yaani «Wao» tu.

Hao «Wao» hatuwaoni hata mara moja. Hatusikii neno lao hata moja. Mtungaji asiye na ustadi angewapa pembe na sauti ya ngurumo, wakatoa hotuba ndefu ya ukatili. Oesterheld amewanyima sura na ulimi, na kwa kufanya hivyo amewafanya wa kutisha kuliko wote. Mtu akuoneaye uso kwa uso waweza kumsihi, kumlaani, kumuuliza kwa nini. Lakini utamuuliza nini asiyeonekana, ambaye amri zake zapita katika vidole vya wengine? Huo ndio utawala wa jeuri: sauti inashuka chini, wala hakuna sauti inayopanda juu.

Hapa inakuja sehemu ambayo sisi twaiona kuwa bora kuliko zote. Juan na Franco wanapata kusema na mmoja wa Manos. Viumbe hao wametiwa mwilini tezi ya hofu: Mano akiogopa, tezi inatoa sumu na kumuua. Kwa hiyo hawezi kuasi, kwa kuwa kuasi kunaleta hofu, na hofu inaleta kifo. Mano huyu ameogopa. Sumu imekwisha kuanza kazi. Na kwa kuwa amekwisha kuhukumiwa kufa, hakuna tena wa kumwamuru. Katika dakika zile chache amekuwa huru, na jambo la kwanza alifanyalo kwa uhuru wake ni kuzungumza.

Anasema nini? Anawaeleza kwamba watu wake nao walikuwa na nchi, na kwamba nao ni watumwa. Kisha jicho lake laanguka juu ya birika la jikoni. Analitazama kama mtu atazamavyo kito cha thamani, na kuwauliza wanadamu kama wanajua ni ulimwengu ngapi ulioweza kuzaa kitu chema kama kile. Halafu anafumba macho akiimba wimbo wa kwao, kama wimbo wa kumbembeleza mtoto, kwa maneno ambayo hakuna ayajuaye.

Wasomaji wapenzi, tuliza mioyo na mpime jambo hili. Kwa kurasa nyingi tumemchukia adui. Kwa mazungumzo ya visanduku vichache, chuki ile haina tena mahali pa kukaa. Mtungaji hakutumia maneno makubwa juu ya huruma. Alitumia birika, kitu ambacho kila mama analo jikoni. Mwanafunzi atakaye kujua jinsi ya kuandika neno la mwisho la mtu anayekufa, na asome hapa: asimpe hotuba, ampe kitu kidogo cha kukitazama.

Na upande wa pili wa ustadi huo ni huzuni kubwa. Karibu na mwisho, baada ya redio kuwaita watu waliosalimika waende mahali pasipo na theluji, na mahali penyewe kuwa mtego, Juan anakutana tena na Favalli na wenzake. Lakini wametiwa chombo shingoni. Yule mwalimu aliyekuwa na jibu kwa kila swali sasa ana uso mtupu. Hakuna haja ya kumchora ameumizwa. Amenyang'anywa mazungumzo, nasi twajua kwamba amenyang'anywa yote. Kumbukeni na ile redio: ni sauti ambayo haiwezi kujibiwa wala kuulizwa. Mezani pa truco, neno la uongo hujaribiwa na neno la mwenzako. Redioni halikuwa na wa kulijaribu.

MWENYE KUSIKIA AFANYE NINI?

Juan anakimbilia chombo cha adui pamoja na mke na mtoto, anagusa asichokijua, na wote watatu wanatupwa nje ya wakati, kila mmoja mahali pake. Tangu hapo anazunguka katika nyakati akiwatafuta. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye kile kiti.

Hadithi imekwisha, alfajiri inakaribia. Ndipo mgeni anapouliza tarehe. Mwenyeji anamjibu: ni mwaka 1959. Mgeni anaruka. Miaka minne bado! Nyumba yake iko karibu tu. Anakimbia, anawakuta Elena na Martita wazima. Na mara ile anasahau yote. Rafiki zake wanakuja na karata. Mwenyeji anamfuata, lakini Juan hamtambui hata kidogo.

Basi katika mji mzima anayejua yatakayokuja ni mtu mmoja tu, yule aliyesikiliza. Aliyeyaona amesahau, aliyeyasikia ndiye mwenye mzigo. Anajiuliza kama kuyaandika na kuyachapa kutawasaidia watu waepe, na kitabu mkononi mwetu ndicho jibu lake. Sasa twaelewa kwa nini alituweka kitini pamoja na msikilizaji tangu ukurasa wa kwanza. Mzigo ule ametupa na sisi.

YALIYOMPATA MTUNGAJI

Oesterheld aliirudia hadithi hii. Mwaka 1969 aliiandika upya katika gazeti la Gente, pamoja na mchoraji Alberto Breccia, kwa picha nyeusi za kutisha na maneno makali zaidi: safari hii mataifa makubwa yanaiacha Amerika ya Kusini mikononi mwa adui. Gazeti liliikatisha kabla ya wakati. Mwaka 1976 ikaanza sehemu ya pili, tena na Solano López. Hiyo, kwa maoni yetu, ni dhaifu kuliko ya kwanza, na sababu yake yaangukia somo letu: Juan amekuwa kiongozi mkali mwenye nguvu zisizo za kawaida, anaamuru, na wenzake wanakufa kwa shauri lake. Meza ya karata imetoweka. Mmoja ananena, wengine wanafuata.

Lakini tusimhukumu pasipo kukumbuka siku zile. Tarehe 24 Machi 1976 askari walishika utawala wa Argentina. Oesterheld na binti zake wanne walikuwa wamejiunga na chama cha Montoneros, kilichokuwa kimeshika silaha, naye aliandika akiwa amejificha. Binti zake, Beatriz, Diana, Estela na Marina, walikamatwa au kuuawa mmoja baada ya mwingine katika miaka ya 1976 na 1977. Ni maiti ya Beatriz tu iliyorudishwa kwa mama yake. Baba alikamatwa mwaka 1977, wala hakurudi. Mama yao, Elsa Sánchez, alibaki na wajukuu wawili, akaendelea kudai haki mpaka alipokufa mwaka 2015.

Walioamuru hayo walitaka jambo moja hasa: ukimya. Mtu anatoweka, na jamaa zake wakiuliza, hakuna ajibuye. Ilikuwa kama «Wao» wa hadithi, wasio na sura wala ulimi. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kusikiwa. Argentina huadhimisha siku ya hadithi za picha kila tarehe 4 Septemba, ile siku ya toleo la kwanza. Kitabu kimefasiriwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Mwezi wa Aprili 2025 kilitolewa katika sinema ya sehemu sita, naye Ricardo Darín akiwa Juan Salvo, na watu wa nchi nyingi wakaanza kuuliza ni nani aliyekitunga. Mtu huulizwa habari zake akiwa bado ananena nasi.

NJIA YA KUSOMA

Kwa wanafunzi, tunatoa kazi ndogo. Chukueni hadithi yoyote ya picha iliyo nzuri, muisome mara tatu. Mara ya kwanza tazameni picha peke yake, mkisimuliana kwa sauti mnachodhani kinasemwa. Mara ya pili someni maneno peke yake, mkijaribu kumtambua kila msemaji pasipo kuona uso wake. Msipoweza, mtungaji hakufanya kazi yake. Mara ya tatu someni yote pamoja, mkiandika daftarini: ni nani katika hadithi hii anayesema na kujibiwa? Ni nani anayesema bila kujibiwa? Na ni nani asiyepewa neno?

Kwa wazazi, tunaomba jambo moja. Mkimkuta mtoto na kitabu cha picha, msimnyang'anye kwanza. Ketini karibu naye, mmwulize: «Huyu anasema nini? Na huyu mwingine amemjibuje?» Kama kitabu ni kibaya, maswali hayo mawili yatakifichua mara moja. Kama ni kizuri, mtakuwa mmempa mtoto msikilizaji, na ninyi wenyewe mtakuwa mmepata mgeni.